FAINI HAIFUNZI LUGHA

Naomba nafasi niseme machache juu ya jambo ambalo tunalinong'ona bwenini kila muhula lakini hadharani hatulisemi. Jambo lenyewe ni Kiingereza. Najua wapo watakaoguna, "Kiingereza kinatafuta nini katika jarida la Kiswahili?" Subirini kidogo, mtaona. Siku hizi mambo mengi ya Kiswahili hayaamuliwi darasani. Yanaamuliwa mezani, wakati wa chakula cha jioni, pale ambapo mzazi ameweka sheria kwamba katika nyumba hii ni Kiingereza tu.

Hoja yangu naitoa mapema ili nisimchoshe mtu. Mzazi ana haki ya kutaka mtoto wake ajue Kiingereza, tena ana sababu nzuri. Lakini shinikizo la faini, la aibu na la kulinganishwa na mtoto wa jirani halimpi kijana Kiingereza. Linamfunza kunyamaza, na wakati mwingine linamfunza ujanja. Hilo ndilo nitakalojaribu kulionyesha, na mwisho nitasema tufanye nini, wazazi, walimu na sisi wenyewe.

Kwanza tuwatendee haki wazazi. Sisi vijana tumezoea kusema ati wazazi wetu wana kasumba ya Kizungu. Mimi sikubaliani na maneno hayo. Baba yangu alifanya KCSE mwaka wa 1996. Mwaka wa 1998 aliitwa Nairobi kwa mahojiano ya kazi katika kampuni moja. Hesabu alizijua barabara. Lakini alipoambiwa ajieleze kwa Kiingereza mbele ya watu watatu waliovaa tai, maneno yalimkauka kinywani. Kazi akapewa mwingine, naye akarudi Machakos na nauli ya kuazima. Mpaka leo husema, "Akili nilikuwa nazo, maneno ndiyo sikuwa nayo." Mtu wa namna hiyo akimwona mwanawe anababaika kwa Kiingereza, moyo wake unaruka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wala si baba yangu peke yake. Tangu enzi za wakoloni Kiingereza kilikuwa ndicho ufunguo wa ofisi. Tulipopata Uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kiswahili nacho kilikaa miaka mingi katika shule za msingi bila kutahiniwa, mpaka mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka wa 1985 kikawa somo la lazima. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, ndiyo iliyotamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi watu waliokua wakiona lugha moja inafungua milango na nyingine inangoja barazani, tutawalaumu vipi kwa kuupenda ufunguo? Tena ukweli usemwe: Kiingereza bado kinahitajika. Vitabu vya Fizikia na Biolojia tunavyovisoma viko kwa Kiingereza, na karatasi za mtihani vile vile. Anayekwambia uache Kiingereza kwa sababu unakipenda Kiswahili anakudanganya, hata kama ni mwanachama wa chama chetu.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Nyumbani kwetu sheria ni hii: kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka wakati wa kulala, Kiingereza peke yake. Anayenaswa akisema Kiswahili au Kikamba hutoa shilingi kumi, zikatiwa katika mkebe wa kakao ulio juu ya kabati. Baba aliianzisha sheria hii kwa nia njema kabisa, na ninapoieleza hapa simvunjii heshima. Nataka tu tuangalie imezaa nini.

Ndugu yangu mdogo yuko Gredi ya 8. Wiki ya kwanza aliuogopa mkebe kama unavyoogopa mbwa wa watu. Akawa hasemi kitu ila "ndiyo" na "hapana" za Kiingereza. Wiki ya pili alijifunza kuashiria kwa mikono. Chumvi akiitaka, anainyoshea kidole. Wiki ya tatu akaja mezani na sarafu ya shilingi ishirini, akaitumbukiza mkebeni kabla hata hajaketi, akatangaza kwa Kiingereza kwamba amekwisha kulipa, kisha akatusimulia kwa Kiswahili kitamu jinsi mbuzi alivyoingia katika ofisi ya mwalimu mkuu na kula rejista. Sote tulicheka mpaka machozi. Baba hakujua aseme nini, maana kwa kweli kijana alikuwa hajavunja sheria. Alikuwa amenunua ruhusa.

Nilipomweleza mwalimu wetu mmoja kisa hiki, alicheka naye, halafu akanisimulia juu ya uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2000 na wataalamu wawili wa uchumi, Uri Gneezy na Aldo Rustichini. Katika mji wa Haifa, huko Israeli, shule za chekechea zilikuwa na taabu: wazazi walichelewa kuja kuwachukua watoto jioni. Baadhi ya shule zikaanza kuwatoza faini waliochelewa. Je, unadhani wazazi waliharakisha? Wapi! Waliochelewa wakaongezeka. Na faini ilipoondolewa, mambo hayakurudi yalivyokuwa. Zamani mzazi aliona haya kumweka mwalimu mpaka giza liingie. Ilipowekwa faini, ile haya ikageuka bei, na bei mtu huilipa akaenda zake. Ndivyo ilivyo kwa mkebe wetu. Kabla ya faini, mdogo wangu alikuwa anajaribu Kiingereza kwa sababu baba angefurahi. Baada ya faini, anahesabu pesa alizo nazo mfukoni.

Jambo la pili ni zito zaidi, nami nimefikiri sana kabla ya kuliandika. Mama huuza nafaka sokoni. Aliishia darasa la nane. Kiingereza anakisikia, lakini kukizungumza ni taabu. Zamani yeye ndiye aliyekuwa mwenye baraza nyumbani. Alikuwa akirudi na habari za soko zima: bei ya ndengu imepanda, mteja fulani alitaka kumpunja, gari la viazi limekwama njiani na watu wamelisukuma wakiimba. Kwa hadithi hizo ndipo nilipojifunza kusimulia, na alama ninazozipata katika insha nusu yake ni za mama. Tangu sheria ije, jioni mama hupakua chakula, huuliza kwa maneno mawili matatu kama tumeshiba, basi. Yeye hatozwi faini, baba alimsamehe tangu siku ya kwanza. Lakini jamani, ni nani apendaye kuwa mtu wa kusamehewa katika nyumba yake mwenyewe? Kwa hiyo hunyamaza. Nyumba imepata Kiingereza cha kuombea chumvi, ikapoteza habari za soko.

Jambo la tatu lilitokea kijijini, kwa Susu wetu, yaani nyanya. Alirudi kutoka zahanati na dawa za presha. Maagizo yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza. Binamu yangu, ambaye anasoma katika akademia moja jijini na ambaye kwao Kiswahili hakisemwi hata na yaya, akayachukua akayasoma bila kukwama, ungedhani ni mtangazaji wa habari. Susu akamwuliza kwa Kikamba, "Ninywe kabla ya chakula au baadaye?" Binamu akabaki anamtazama. Kikamba hakijui, na Kiswahili chake kilimwishia kwenye neno "chakula". Mimi nilikuwa kisimani. Ikabidi aitwe mtoto wa jirani, wa Gredi ya 5, mwenye kaptura iliyochanika. Huyo alisoma polepole, kidole juu ya neno, akakwama mara mbili, lakini alipomaliza alimgeukia Susu akamweleza vizuri: moja asubuhi baada ya kula, moja jioni baada ya kula, usiruke siku. Sasa niambieni, kati ya wale wawili, ni nani aliyekijua Kiingereza? Lugha ni kama mtungi. Watu huupima kwa maji unayofikisha nyumbani.

Naona mzazi mmoja anatikisa kichwa. Anasema, "Lakini Kiswahili kinaharibu Kiingereza cha mtoto. Lugha mbili zinagombana kichwani." Hebu tuiangalie hoja hii, maana ndiyo mama wa faini zote.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1948, akakulia katika Kiswahili, na alikwenda Uingereza akiwa kijana aliyekwisha pevuka. Mwaka wa 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, kwa riwaya alizoziandika kwa Kiingereza. Kiswahili cha utotoni hakikumzuia. Hapa kwetu tulikuwa na Ken Walibora, aliyetupa riwaya ya Siku Njema mwaka wa 1996. Huyo huyo bingwa wa Kiswahili alipata shahada yake ya uzamifu Marekani na akafundisha katika chuo kikuu huko huko. Alipotutoka mwaka wa 2020, alililiwa na watu wa lugha zote mbili. Kama lugha zingekuwa zinagombana kichwani, vichwa vya watu hawa vingekuwa uwanja wa ndondi.

Hata hatuhitaji kwenda mbali. Chukueni karatasi za KCSE. Kiingereza kina karatasi tatu, na Kiswahili kina tatu. Katika zote mbili utapewa kifungu ukisome na kukielewa, utaambiwa ukifupishe, utatungiwa swali la insha upange mawazo yako. Anayejua kutenga hoja kuu na maelezo madogo katika ufupisho wa Kiswahili, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya ufupisho wa Kiingereza. Kilichobaki ni msamiati. Na msamiati, wenzangu, hauingii kwa woga.

Unaingia vipi basi? Huyu huyu mdogo wangu aliyenunua ruhusa ya shilingi ishirini, mwangalieni Jumamosi alasiri. Husimama nje ya kibanda cha kinyozi, pua kwenye dirisha, akitazama mpira wa Uingereza katika runinga ya watu. Mtangazaji husema mbio mbio kama maji ya mfereji, naye kijana hakosi neno. Maandazi yakiletwa yamefungwa gazeti, yeye humaliza andazi kisha hulikunjua gazeti lenye mafuta akasoma ukurasa wa michezo. Neno asilolijua huja kuniuliza, na mara nyingine nami silijui, tunakwenda pamoja kwenye kamusi. Ana daftari la majina ya wachezaji, uhamisho wao na pesa walizonunuliwa, lote kwa Kiingereza. Hakuna aliyemtoza faini ili aandike daftari hilo. Kumbe mtoto asiyekuwa na Kiingereza mezani anacho dirishani kwa kinyozi!

Mtaalamu mmoja kutoka Hungaria, Zoltán Dörnyei, alieleza jambo hili vizuri mwaka wa 2005. Alisema anayejifunza lugha ya kigeni hubeba picha mbili za nafsi yake. Ya kwanza ni ya mtu ambaye yeye mwenyewe anatamani kuwa siku moja, akiitumia lugha ile. Ya pili ni ya mtu ambaye wengine wanamtaka awe, na ambaye asipokuwa atawaudhi. Picha zote mbili zaweza kumsukuma kijana. Lakini ile ya kwanza huenda naye popote, hata mzazi akiwa mbali. Ile ya pili hulala mara tu mzazi anapofumba macho. Wengi wetu tumepewa ile ya pili tu. Tunasoma vitabu vya Kiingereza vya kutahiniwa, tunakariri wahusika na maudhui, na siku ya karatasi ya mwisho wengine huvitupa juu kwa shangwe kana kwamba wametoka kifungoni.

Na msidhani zawadi ni dawa. Rafiki yangu mmoja aliahidiwa simu kama angepata alama 80 katika Kiingereza cha KCPE ya mwaka wa 2023, ile ya mwisho kabisa. Alijitahidi, akapita hizo 80, akapewa simu. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa hadithi. Usiku alisoma kwa tochi chini ya blanketi. Tangu simu ije, kitabu cha hadithi hajakigusa, na ukimwuliza atakwambia, "Sasa nitasomea nini?" Si ajabu. Mwaka wa 1973 Mark Lepper na wenzake, huko Marekani, walichapisha habari za watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri likichora. Siku zilipopita, watoto wote wakaachiwa kalamu wafanye wapendavyo. Wale walioahidiwa cheti ndio waliochora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Kilichokuwa raha kilikuwa kimegeuka kazi ya malipo, na malipo yakikoma kazi hukoma.

Lakini nikiishia kwa wazazi nitakuwa nimekwepa. Sisi wanafunzi nasi tunashinikizana, tena kwa ukali kuliko mkebe wa kakao. Mwenzetu akisimama darasani, ulimi wa nyumbani ukampitia, "r" ikawa "l" au "b" ikawa "mb", darasa zima huangua kicheko. Tunasema "ameshrabu". Jina linamganda mpaka Kidato cha Nne. Wapo wenzetu wawili watatu, ninyi mnawajua, ambao tangu Kidato cha Kwanza hawajainua mkono katika somo la Kiingereza kwa ajili ya kicheko cha siku moja. Baba zao wanalipa karo waje wafunzwe kusema, sisi tunawafunza kunyamaza. Halafu tukienda likizo tunalalamika ati wazazi wanatuaibisha!

Na sasa, wanachama wenzangu, nigeukie mlango wetu wenyewe. Katika mkutano wetu wa muhula huu, mwanachama mmoja alileta hoja kwamba siku za Kiswahili, yaani Jumatano na Ijumaa, yeyote atakayenaswa akizungumza Kiingereza au Sheng' avishwe diski shingoni na atoe shilingi ishirini kwa hazina ya chama. Watu walipiga makofi. Hoja iliahirishwa hadi muhula ujao kwa sababu kengele ya chakula ililia. Mimi nasema hapa kwa maandishi, ili isemwe kwamba nilisema: nitaipinga.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, aliandika katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986 jinsi watoto wa wakati wake walivyoadhibiwa wakisikika wakisema Kigikuyu karibu na shule. Walichapwa viboko, au wakavishwa kibao shingoni chenye maneno ya kuwadhalilisha. Sisi tunaposoma hayo tunasikitika, tunatikisa vichwa, tunasema ukoloni ulikuwa mbaya. Leo tukitwae kibao kile kile, tukipake rangi ya Kiswahili, tukiite uzalendo? Kijana mgeni shuleni atakayevishwa diski hiyo Jumatano ya kwanza atajifunza nini juu ya Kiswahili? Atajifunza kwamba Kiswahili ni kitu cha kukwepa, na kwamba Alhamisi ni siku ya kupumua. Tutakuwa tumefanya kwa Kiswahili yale yale ambayo mkebe wa kwetu umefanya kwa Kiingereza. Na hizo shilingi ishirini hazitanunua hata mwanachama mmoja.

Basi tufanye nini? Kulalamika ni rahisi, kwa hiyo nitatoa mapendekezo, nanyi mnisahihishe.

Kwa wazazi, la kwanza ni hili: tupeni sababu, msitupe bei tu. Kisa cha baba cha mwaka wa 1998 alinisimulia usiku mmoja stima zilipopotea, nikiwa Kidato cha Kwanza. Kisa hicho kimenifungulia kamusi mara nyingi kuliko mkebe wake wote. Nilipokisikia nilimwona kijana wa miaka ishirini hivi, amekaa kwenye kiti, anazo hesabu zote kichwani na hana mlango wa kuzitolea. Nikasema moyoni, mimi mlango nitakuwa nao. Hiyo ni picha yangu mwenyewe sasa, haihitaji msimamizi. Wazazi, mna visa kama hivyo. Visimulieni, tena kwa lugha yoyote mliyo nayo.

La pili, leteni kitu cha kusoma, kisha keti na mtoto dakika kumi. Gazeti la jana linatosha. Kitabu cha mkono wa pili kinatosha. Mwulize kijana habari inasema nini. Hata kama wewe mzazi Kiingereza hukijui, hapo ndipo penye faida kubwa zaidi, maana atalazimika kukueleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Ile kazi ya kutoa maana katika lugha moja na kuitia katika nyingine ndiyo itakayompa lugha zote mbili kwa mpigo. Mkulima mwenye karatasi za ardhi, mama mwenye maagizo ya dawa, babu mwenye barua kutoka chama cha ushirika, hao wote wanamngoja mtu wa namna hiyo. Kijana akijua kwamba Kiingereza chake kinamfaa mtu wa nyumbani, atakitafuta bila kusukumwa.

La tatu, acheni jina la mtoto wa jirani. Ukiniambia, "Mbona mtoto wa fulani anasema kama Mzungu?" sitakipenda Kiingereza zaidi. Nitamchukia mtoto wa fulani, ambaye hana kosa, na huenda naye kwao anaambiwa juu yangu.

Kwa walimu wetu, ambao nawaheshimu sana, ombi langu ni dogo. Kosa la kinywani lisahihishwe kwa upole, na anayecheka ndiye aulizwe swali linalofuata. Naamini kicheko kitapungua wiki hiyo hiyo.

Kwetu sisi wanafunzi: tusingoje kusukumwa. Kila mmoja ajitafutie dirisha lake la kinyozi. Kama ni mpira, iwe mpira. Kama ni mapishi, mashairi, injini za magari au habari za nyota, tafuta kilichoandikwa juu yake kwa Kiingereza ukisome kwa sababu unataka kujua. Na Chama cha Kiswahili badala ya diski kiwe na meza ya tafsiri kila Ijumaa: mmoja analeta habari fupi ya Kiingereza, tunaitia katika Kiswahili, tunabishana juu ya maneno, tunaibandika ubaoni. Wiki inayofuata tunafanya kinyume chake. Anayependa Sheng' naye aje, atuambie neno lake lilitoka wapi. Nina hakika meza hiyo itajaa, na hakuna atakayetoa hata senti.

Wapenzi wasomaji, samaki mkunje angali mbichi, ndiyo. Lakini hata mbichi, ukimkunja kwa nguvu nyingi anavunjika miiba. Wazazi wetu wanataka tufike pale ambapo wao walizuiwa mlangoni, na hilo ni pendo, tulipokee kama pendo. Wao nao wapokee neno hili kutoka kwetu: tutakisoma Kiingereza, tena tutakijua, lakini tuachieni tukisome tukiwa na sauti zetu.

Jarida hili litafika nyumbani siku ya kufunga shule. Najua baba atasoma ripoti kwanza, kisha atalifungua. Baba, kwa heshima zote, makala haya nimeyaandika kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho, na huenda ukayasoma baada ya saa kumi na mbili. Mkebe ukinidai, nitalipa. Ila naomba, jioni hiyo, mama aulizwe habari za soko.

Mwanachama, Kidato cha Tatu